Usingoje Kiu: Mwili wa Mzee Katika Nyika ya Ukambani

Mwaka 1851, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alijikuta peke yake nyikani karibu na mto Tana. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyekuwa mwenyeji na kiongozi wake, alikuwa ameuawa msafara wao uliposhambuliwa. Krapf alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kutekea. Alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kisha akashika njia ya kurudi. Alikuwa na umri wa miaka 41, na kiu ilimtesa njia nzima.

Mtu wa miaka 70 anayetembea katika nyika hiyo leo ana hatari nyingine kubwa zaidi: huenda asihisi kiu kabisa.

Na vivutio vya kutembelea ni vingi. Kilomita chache kutoka mji wa Kitui limesimama jabali la Nzambani. Uwanda wa Yatta unaenea kwa karibu kilomita 290. Ni lava iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita ikafuata bonde la mto, kisha ardhi laini ya kandokando ikamomonyoka, lava ikabaki imeinuka. Upande wa Makueni, juu ya Kibwezi, vimejipanga vilima vya Chyulu, vilivyozaliwa na volkano na kufikia kimo cha takribani mita 2,188.

Katika joto la nyika, kinga kuu ya mwili ni jasho. Kila lita ya jasho inayokauka juu ya ngozi huondoka na joto la takribani kilojuli 2,400. Hewa kavu ya Ukambani hulikausha haraka mno, hata mtembezi akadhani hatoki jasho kwa kuwa shati lake halijalowa, kumbe maji yanamtoka kila hatua.

Umri unapoongezeka, kinga hii hupungua. Kila tezi ya jasho hutoa kiasi kidogo kuliko zamani. Mishipa ya damu ya ngozini haitanuki kama ya kijana, hivyo joto la ndani huchelewa kufika nje. Figo nazo hupoteza sehemu ya uwezo wa kubana mkojo ili kuhifadhi maji.

Lakini badiliko la hatari zaidi hutokea katika hisia. Mwaka 1984, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha wanaume wenye afya njema wa miaka 67 hadi 75 na vijana wa miaka 20 hadi 31. Wote walikaa saa 24 bila maji. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wazee walikuwa wamepungukiwa na maji, lakini kiu yao ilikuwa ndogo kuliko ya vijana. Waliporuhusiwa kunywa, walikunywa kidogo, kiasi kisichotosha kufidia walichopoteza.

Basi mzee asiongozwe na kiu. Aongozwe na saa. Kila baada ya dakika 15 au 20 apige mafunda kadhaa, awe anatamani maji au hatamani. Kwa wengi, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa hutosha. Kujaza tumbo maji mengi kwa mkupuo nako kuna madhara, kwa sababu chumvi ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Karanga au chakula kingine chenye chumvi kidogo husaidia.

Dawa nazo zina sehemu yake. Wazee wengi wanatumia dawa za presha. Baadhi huongeza mkojo, nyingine hupunguza kasi ya moyo hivi kwamba mapigo hayaonyeshi vyema jinsi mwili unavyotaabika. Dawa hizo zisiachwe kiholela. Mtembezi amwone daktari kabla ya safari, hasa mwenye maradhi ya moyo au figo, ambaye pengine amewekewa kipimo cha maji ya kunywa kwa siku.

Ardhi yenyewe inaweza kumdanganya mgeni. Vilima vya Chyulu hupendeza kwa ukijani, lakini hukuti kijito huko juu. Mvua inayonyesha hupenya kwenye lava yenye vinyweleo na nyufa, ikasafiri chini kwa chini hadi ikachomoza mbali katika chemchemi za Umani na Mzima. Kwa hiyo maji ya kutwa nzima yabebwe tangu bondeni. Aidha, wanyamapori wapo, hivyo safari ya Chyulu hupangwa pamoja na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Katika mito ya mchanga ya Kitui, ugumu unahamia miguuni. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kutembea mchangani hugharimu nguvu mara 2.1 hadi 2.7 kuliko kwenye ardhi ngumu. Nguvu hizo hugeuka joto. Mzee apite ukingoni, avuke mchanga asubuhi na mapema, na saa za adhuhuri akae chini ya kivuli cha mkwaju au mgunga.

Mteremko nao una kazi yake. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hukaza huku ikirefuka ili kuzuia uzito wa mwili, na hapo ndipo magoti huumia na watu huteleza. Fimbo mbili hupunguza mzigo huo. Misuli pia hujengeka katika umri wowote: mwaka 1990, watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito kwa wiki 8 wakazi dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, na nguvu za mapaja zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Mwili vilevile huzoea joto, lakini huhitaji wiki moja hadi mbili. Anayetoka kwenye ubaridi wa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, akashuka hadi Kibwezi, takribani mita 900, aanze kwa matembezi mafupi. Miezi ya Juni hadi Agosti ina nafuu. Februari na Machi jua ni kali mno.

Wenzake wana wajibu pia. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa mzee. Akianza kuyumba, kuropoka au kujibu maswali ovyo, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe bila kukoma huku msaada ukiitwa. Ubongo uliozidiwa na joto hauwezi kujitambua, hivyo usisubiri yeye mwenyewe aseme ameshindwa.

Umri haumnyimi mtu haki ya kuiona nchi yake kwa miguu. Unachomtaka ni kupanga mapema yale ambayo ujanani mwili uliyapanga wenyewe, na kuwa na wenzake wanaomtazama kwa makini.