Fidia maradufu: riwaya ya bima yenye la kumwambia mwenye mzigo Asiatique

BUJUMBURA

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura husafiri zaidi ya kilomita 1,400. Mwenye mzigo anayelisubiri kwenye ghala lake mtaani Asiatique huwa anajua namba ya gari, jina la dereva na siku lilipoondoka. Akiulizwa kama vitenge au vipuri vyake vina bima, atasema ndiyo, kadi ya njano ipo kwa dereva.

Kadi hiyo ya COMESA, ambayo hata Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, humlipa mtu aliyegongwa au kuharibiwa mali yake na lori nje ya nchi lilikosajiliwa. Haiwalipi wenye shehena. Dhamana ya forodha nayo hulinda ushuru wa serikali mzigo ukiwa safarini, basi. Bima ya mzigo wenyewe ni karatasi ya tatu, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Wafanyabiashara wa Bujumbura waliionja hasara ya mali isiyo na bima Jumapili ya Januari 27, 2013, soko kuu la mjini lilipoteketea na Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kuzima moto.

Lakini hata mwenye karatasi hiyo ya tatu hajafika. Siku mzigo utakapopotea atakutana na mtu ambaye wasomaji wa riwaya za Kiswahili hawajamzoea sana. Willy Gamba wa Elvis Musiba hupambana na majasusi na bastola mkononi. Mpelelezi wa bima yeye hukaa mezani na karatasi.

Aliyemchora vizuri kuliko wengi ni Mmarekani James M. Cain, katika riwaya yake Double Indemnity, yaani fidia maradufu. Ilitoka kwa sehemu katika jarida la Liberty mwaka 1936, kisha ikaingia kitabuni mwaka 1943. Walter Huff, wakala wa bima mjini Los Angeles, anakwenda nyumbani kwa mteja kuhuisha bima ya gari. Mwenye nyumba hayupo, mkewe yupo. Mama huyo anauliza, kana kwamba limemtoka tu, habari za bima ya ajali. Huff anaelewa mara moja anachotaka, na badala ya kuondoka anamfundisha namna ya kufanya. Mume anasainishwa karatasi akidhani ni za gari. Kisha anauawa, na maiti yake inawekwa kwenye reli ionekane ameanguka kutoka kwenye treni, kwa sababu kifo cha treni hulipwa mara mbili.

Cain hakulitoa kichwani tu. Mwaka 1927 mjini New York, Ruth Snyder na mpenzi wake walimuua mume wake, ambaye alikuwa amewekewa bima yenye kifungu hichohicho cha malipo maradufu. Wote wawili walinyongwa kwa umeme Januari 1928.

Msomaji anamjua muuaji tangu mwanzo, kwa hiyo hofu yote inatoka kwa mtu mmoja, Keyes, mkuu wa madai katika kampuni ya Huff mwenyewe. Hana bunduki. Ana majedwali ya vifo na uzoefu wa miaka mingi wa kusikiliza uongo. Mkubwa wake anapodai kwamba marehemu alijiua, Keyes anamwonyesha kuwa watu hujiua kwa njia nyingi, ila kujirusha kutoka treni inayokwenda polepole haimo. Katika filamu ya mwaka 1944 iliyoongozwa na Billy Wilder anaongeza swali zuri zaidi: marehemu alivunjika mguu kabla ya kufa, na alikuwa na bima ya ajali, mbona hakudai? Jibu ni kwamba hakujua kuwa ana bima.

Swali la namna hiyo ndilo linalomsubiri mwenye mzigo. Mkaguzi wa madai ataanza na vitu vidogo: uzito kwenye mizani ya kwanza na ya mwisho, namba ya lakiri ya kontena, saa ya ajali na saa ya taarifa ya polisi, tarehe bima ilipokatwa. Bima iliyokatwa juzi kwa lori lililopinduka jana itasomwa mara mbili.

Kinachouma zaidi Asiatique, na hakisemwi kwa sauti, ni ankara mbili. Mtu amenunua bidhaa kwa dola 40,000, akapeleka forodhani ankara ya dola 18,000 ili ushuru upungue. Mzigo ukiungua njiani, ataonyesha ipi? Akitoa ya chini, amepoteza zaidi ya nusu ya mtaji wake. Akitoa ya juu, amejishtaki mwenyewe kwa mamlaka ya mapato, na kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa yote, maana mkataba wa bima unadai ukweli mtupu kutoka pande zote mbili. Hakuua mtu kama Huff, lakini mtego ni uleule: karatasi aliyoiandika kwa faida ya leo inasomwa kesho na mtu mwingine.

Wezi wakubwa nao wamenaswa kwa vitu vidogo. Mwaka 1980 meli ya mafuta Salem ilizama karibu na Senegal. Mabaharia waliookolewa walidai kulitokea milipuko ya ghafla, lakini walikuwa na masanduku yaliyofungwa vizuri na hata mikate waliyoitayarisha kwa safari ya mashua. Baharini hakukuonekana mafuta ya kulingana na shehena ile. Yalikuwa yameshashushwa kwa siri Durban, takriban tani 180,000, na matangi yakajazwa maji ya bahari.

Mwenye mafuta, kampuni ya Shell, hakuwa na hatia yoyote. Alikwenda kudai kwa wenye bima, na kesi ikafika ngazi ya juu kabisa Uingereza mwaka 1983. Majaji walisoma maneno ya mkataba: ulilinda mali iliyochukuliwa baharini. Mafuta ya Durban yaliibwa na mwenye meli mwenyewe, wakaamua, na hilo halikuwa kuchukuliwa baharini. Shell ikalipwa na bima kwa yale machache tu yaliyozama na meli.