Chombo cha Mkononi cha Kupanga na Kujaribu Vipimo: Kabla ya Kuamini Namba

Wafanyakazi wenzetu na jamaa zenu wa Butembo na Beni, hamna haja ya kufundishwa kwamba chombo kidogo cha mkononi kinaweza kumfungia mtu njia. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini, mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kuwa imekwisha, msafiri kwenye vizuizi vya afya alinawa mikono kwa maji ya klori, akasimama, akaelekezewa kwenye paji la uso kile kipimajoto ambacho wengi walikiita Thermoflash. Katika ugonjwa ule, pamoja na Ituri na Kivu ya Kusini, walihesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa.

Wachache walijua ya kuwa vipimajoto vingi vya namna ile vina mipango miwili: mmoja wa mwili wa mtu, mwingine wa vitu kama ukuta au sahani. Ngozi ya paji la uso ina baridi kuliko ndani ya mwili, na mpango wa mwili huongeza ile tofauti. Kitufe kikibonyezwa bila kujua, chombo kinaingia katika mpango wa vitu, na mwenye homa anaonekana mzima. Tena chombo kilichotoka sasa hivi mahali pa baridi kinataka kukaa kwanza, robo saa au nusu saa, kabla ya kusema kweli. Na asubuhi ya Butembo tunaijua. Kioo chake hakikuonyi. Kinakupa namba tu, namba safi yenye nukta.

Jambo hilo hilo liko mgodini. Kando ya Butembo na Beni dhahabu nyingi inachimbwa kwa mkono, lakini kijana wa kwetu akipata kazi katika mgodi mkubwa, kama ule wa Kibali huko Haut-Uele unaotoa dhahabu tangu 2013, atakuta kazi yenye vipimo vya kudumu: vya kina cha maji, vya upepo, vya gesi, vya nguvu ya maji ndani ya mabomba. Fundi anayevitunza anatembea na chombo cha mkononi, kikubwa kidogo kuliko simu, chenye kioo, vitufe na nyaya mbili za kubana. Kwa chombo hicho anakiuliza kipimo jina lake, anakipangia mwanzo na mwisho wa kupima, na anakijaribu.

Kwanza tuelewe kipimo kinasemaje. Vingi vinatuma habari kwa nyaya mbili, kwa umeme mdogo sana, kuanzia miliampea 4 mpaka 20. Nne maana yake hakuna kitu, ishirini maana yake imejaa. Kwa nini wasianze na sifuri? Kwa sababu waya uliokatika nao unatoa sifuri. Kama sifuri ingekuwa “hakuna maji”, panya akitafuna waya tungefikiri kisima kimekauka, na huku wenzetu wanazama. Waliobuni jambo hili walifikiri vizuri.

Juu ya umeme huo huo chombo cha mkononi kinaongea na kipimo kwa sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, kama miluzi miwili. Lugha hiyo inaitwa HART, ilibuniwa na kampuni ya Rosemount ya Marekani katika miaka ya 1980. Ili isikike, mstari lazima uwe na resistansi isiyopungua omu 250. Fundi mgeni akiona chombo kimenyamaza, anadhani kipimo kimekufa, anakifungua bure. Aangalie kwanza hiyo resistansi na mahali alipobana nyaya zake.

Sasa hatari yenyewe. Chukua kipimo cha kisima cha chini, pale maji ya mgodi yanapokusanyika. Kimepangwa toka mita 0 mpaka 5, na pompi inaanza yenyewe kioo cha juu kikionyesha mita 3. Fundi anabadilisha kipimo, na kwa chombo chake anakipangia mita 0 mpaka 10, kwa kuwa ndivyo kilivyotoka kwenye kartoni. Huko juu, katika chumba cha uangalizi, hakuna aliyebadilisha kitu. Mashini yao bado inahesabu mpaka 5. Maji yakifika mita 4, kipimo kinatuma miliampea 10.4, na kioo cha juu kinaonyesha mita 2. Pompi haianzi. Itaanza maji yakifika mita 6, na mita 6 pengine ni juu ya njia wanayopita watu. Hakuna kilichoharibika, hakuna taa nyekundu iliyowaka. Namba mbili tu hazikupatana.

Kwa hiyo kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye kipimo na mmoja chumbani, wakisikilizana kwa redio. Kabla ya kubana waya, mwambie kapita na mtu wa chumbani, kwa jina la kipimo, na asubiri akurudishie jina hilo kwa kinywa chake. Pompi au kengele inayotegemea kipimo hicho itolewe kwenye kazi ya kujiendesha, na mtu asimame pale aangalie kwa macho yake. Kisha soma jina ndani ya chombo, ulinganishe na kibao kilichofungwa kwenye kipimo; vipimo vinafanana kama mapacha. Andika namba zote ulizozikuta kabla ya kugusa hata moja. Kwa karatasi, si kwa kichwa.

Ukijaribu mstari, unaamuru kipimo kitume 4, halafu 12, halafu 20, na mwenzako anakuambia anachokiona. Kwa kile kisima chetu cha mita 5 anatakiwa aone 0, mita 2 na nusu, na 5. Ukimaliza, toka katika jaribio kwa njia ya chombo chenyewe, usichomoe nyaya tu ukaenda kula. Kipimo kilichoachwa kwenye 12 kinaweza kuendelea kusema mita 2 na nusu usiku kucha.

Na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Jaribio hilo limepima waya na kioo. Jicho la kipimo halikuguswa. Kipimo cha gesi ya monoksidi ya kaboni kinaweza kupita jaribio la 4, 12 na 20 bila kosa, na huku pua yake imezibwa na matope. Pua inajaribiwa kwa gesi yenyewe, kutoka chupa ndogo ya kiasi kinachojulikana: unaipulizia, unangoja namba ipande na kengele ilie. Cha maji, uyainue maji au ulinganishe na kamba yenye alama. Tena kila pua inanusa kitu chake. Mazuku ya upande wa Goma, ile gesi nzito inayolala kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu, ni dioksidi ya kaboni. Kipimo cha monoksidi kingekaa kimya kabisa mbele yake.

Mahali penye gesi inayowaka, ingia tu na chombo chenye alama ya kuruhusiwa huko, na batri uibadilishe ukiwa nje. Plastiki iliyopasuka ikifungwa kwa utepe, alama hiyo haina kazi tena.

Kwa mama na watoto nyumbani, na kwa ndugu wanaochimba kwa mkono, neno moja juu ya monoksidi, kwa maana hamna kipimo cha kuwaonya. Haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye motere ya pompi iliyoshushwa shimoni, kwenye jenereta iliyofungiwa dukani, na kwenye mbabula ya makala iliyoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi. Motere ibaki nje, mbali na mdomo wa shimo, na mpira wa maji ndio ushuke. Mbabula itoke kabla ya kulala. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, wakatapika na miguu ikalegea, msingoje dawa ya malaria. Watoeni kwenye hewa na mwapeleke hospitali. Na aliyeanguka shimoni asifuatwe na mtu bila motere kuzimwa, hewa kuingizwa na kamba kushikwa na wenzake walio juu.