Majiwe yetu iko na miaka ngapi?

Siku ya yenga moja hapa Katoto, kisha mukutano wa sindika, baba mumoja wa zamani wa kariere alitia majiwe mbili juu ya meza. Yote graniti. "Hii ilinilisha na bana. Hii ingine ilinimaliza nguvu myezi tatu bure. Sababu gani?" Hatukukuwa na jibu. Tuliuliza, tukasoma.

Jibu iko mu miaka. Milima ya Kibara, bajeologi balipatia jina yake mukanda muzima wa majiwe, Kibarien, kutoka Katanga mpaka Burundi na Rwanda. Mu 2004 mujeologi Kokonyangi na wenzake walipima graniti za Mitwaba: ile kubwa ilizaliwa karibu miaka milioni 1 375 iliyopita. Lakini graniti ya bati ni mudogo wake, karibu milioni 1 000. Ndiyo ilipandisha maji ya moto yenye kuleta kasiteriti. Mwanya kati yao: zaidi ya miaka milioni 300!

Wanapimaje? Ndani ya graniti mna punje ndogo kuliko chumvi, zirkoni. Ikizaliwa inakubali uraniumu, inakataa plombi. Uraniumu inageuka plombi pole pole, nusu yake mu miaka miliare 4,5. Plombi unayokuta mule ndani ndiyo pointage ya jiwe, na hakuna shefu anaweza kuibadilisha.

Huku magaribi, upande wa Kasai, kuna ngao ya zamani kupita Kibara, zaidi ya miliare mbili na nusu. Shaba ya Kolwezi, yeye, ni ya nyuma sana.

Sasa tuseme yetu. Kampani inafika na karte, inajua graniti gani ni ya kuacha. Muchimbaji anajua kisha kushuka, kisha deni ya negosia, pengine kisha udongo kumuangukia. Tunaomba karte hizo zitundikwe ku ofisi ya kila kooperative, na mutu wa kuzisoma kwa Kiswahili. Tena, bandugu, angalieni: graniti ya bati mara nyingi ni nyeupe-nyeupe, na mika nyeupe. Jicho haitoshi, lakini inasaidia.

Yule baba alirudi na jiwe yake nzuri. Ile ya bure alituachia, inashikilia mulango wa ofisi.