Kutafuta Chanzo cha Maji Kubebwa na Mvuke katika Vitenganishi vya Jotoardhi: Mfano wa Mazingira ya Olkaria

Kitenganishi cha jotoardhi hupokea mchanganyiko wa mvuke na maji kutoka kisimani, huupeleka mvuke kwenye turbini, na maji kwenye kisima cha kuyarejesha ardhini. Kazi hiyo isipokamilika, vitone vya maji husafiri pamoja na mvuke. Maji hayo si maji matupu, kwani yamebeba silika, sodiamu na kloridi yalizozoa kutoka katika miamba, nayo yanapofika kwenye nozeli za mwanzo za turbini huchemka ghafla na kuacha ukoko mgumu. Nguvu ya mtambo hushuka polepole, huku shinikizo kabla ya nozeli likipanda. Tangu kitengo cha kwanza cha MW 15 kilipoanza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981, mvuke wa eneo hilo umekuwa ukisafishwa kwa vitenganishi vya wima vya mzunguko, na ni aina hii inayojadiliwa hapa.

Uzito wa tatizo hudhihirika kwa hesabu fupi. Tuchukulie kwamba maji yaliyotenganishwa yana sodiamu miligramu 600 kwa kila kilo, na mvuke uliopozwa ukawa maji una miligramu 0.3. Kwa kuwa sodiamu haigeuki mvuke katika hali hizi, yote iliyopatikana imeletwa na vitone. Hivyo unyevu ni 0.3 kugawanya kwa 600, yaani asilimia 0.05. Kiwango hicho huonekana kidogo mno. Hata hivyo, katika tani 40 za mvuke kwa saa, ni kilo 20 za maji. Na maji hayo yakiwa na silika miligramu 700 kwa kilo, turbini hupelekewa takriban kilo 10 za silika kwa mwezi. Si yote hukwama humo, lakini sehemu ndogo tu yatosha kuziba.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi hupotoka mapema: sampuli huchukuliwa mahali pasipofaa. Katika bomba refu la mvuke, joto linalopotea hufanya maji safi yajikusanye kwenye kuta. Maji hayo hunasa vitone vyenye chumvi na hutolewa kupitia mitego ya maji iliyo njiani. Kwa hiyo mvuke unaopimwa karibu na turbini waweza kuwa safi ilhali kitenganishi kinavuja vibaya. Kwa upande mwingine, sampuli inayochotwa kwenye ukuta wa bomba hutoa picha mbaya kuliko hali halisi. Inapasa kupima penye toleo la kitenganishi na pia mbele ya turbini, kwa kijibomba kinachoingia katikati ya mkondo na kuupokea mvuke kwa kasi ileile unayosafiri nayo. Aidha, uwiano wa silika kwa sodiamu ulinganishwe na ule wa maji ya kitenganishi. Ukilingana, vitone ndivyo chanzo. Silika ikizidi pasipo sodiamu kuongezeka, sababu itafutwe kwingine.

Ikishathibitika kwamba maji yanabebwa, makala hii inashikilia kwamba kina cha maji kichunguzwe kwanza, kabla ya kulaumu ukubwa wa chombo. Silika huganda kwenye bomba la kutolea maji na kwenye vali ya kudhibiti kina, na njia ikishapungua, maji hupanda hadi karibu na mdomo wa bomba la mvuke. La hatari zaidi ni kwamba silika hiyohiyo huziba vijibomba vya kipima kina, kikabaki kuonyesha kiwango cha kawaida huku chombo kikifurika. Usomaji usiotikisika kabisa kwa siku kadhaa haupaswi kumtuliza mhandisi. Maji yanayozunguka kwa kasi hayatulii hivyo.

Chanzo cha pili ni kasi. Katika kitenganishi cha mzunguko, kasi ya mvuke ikiongezeka, utenganishaji huwa bora kwanza, kwa kuwa maji husukumwa kwa nguvu zaidi kwenye ukuta. Lakini kuna mpaka: ukivukwa, mvuke huanza kuuchana utando wa maji ukutani na kuurudisha angani kama vitone, na ufanisi huporomoka kwa ghafla. Mapendekezo ya usanifu yaliyochapishwa na Lazalde-Crabtree mwaka 1984 huweka kasi ya mvuke kwenye bomba la kuingilia kati ya mita 25 na 40 kwa sekunde.

Mpaka huo waweza kuvukwa bila tani moja kuongezeka. Kilo moja ya mvuke katika shinikizo la baa 6 hujaza takriban mita za ujazo 0.316, katika baa 5 hujaza 0.375. Kushusha shinikizo kwa baa moja tu, pengine ili kisima kitoe zaidi, huongeza kasi kwa karibu asilimia 19, mbali na mvuke wa ziada unaotokana na maji kuchemka. Matokeo huwa yaleyale kitenganishi kimoja kinapofungwa kwa matengenezo na mzigo wake kuhamishiwa kwa jirani.

Vyanzo hivi viwili hutofautishwa kwa jaribio. Kwanza, vali ya dharura ya kutolea maji hufunguliwa kidogo, mtiririko wa mvuke ukiachwa ulivyo. Sodiamu ikishuka mara moja, kosa liko kwenye kina. Isiposhuka, vali hiyo hufungwa, kisha kisima hubanwa ili mvuke upungue kwa takriban asilimia 15 katika shinikizo lilelile. Mporomoko mkubwa wa sodiamu hapo huashiria kasi. Mambo hayo mawili yasifanywe kwa pamoja. Endapo sodiamu hupanda na kushuka kwa vipindi bila kujali jaribio lolote, basi mchanganyiko unafika kwa mafungu mazito ya maji, nao uchunguzi huhamia kwenye bomba la kutoka kisimani, hasa sehemu zake zinazopanda mlima.