Majina ya Mimea

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za majina ya mimea. Tutazameni mbono. Mahali pengine mbono ndio mnyonyo, utoao mafuta ya kuharisha; mahali pengine ni ule upandwao ua, ambao wengine huuita mbono kaburi. Basi mtu akiagiza mbegu za mbono kwa barua, ataletewa zipi? Tena mbegu za mimea yote miwili zina sumu. Amtibuye mtoto aliyezila hana budi kujua ni mmea gani.

Kwa shida za namna hii, mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliipa mimea aliyoijua majina mawili mawili ya Kilatini: la kwanza ni kama la ukoo, la pili hutenga mmea na jamaa zake. Mnyonyo ni Ricinus communis. Mbono kaburi ni Jatropha curcas. Nazo aina zilizochaguliwa na wakulima, kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 1953, huongezewa jina lao katika alama za kunukuu.

Enyi walimu na wazee, msiyaache majina ya kwetu, maana ndiyo tuyasemayo. Lakini mkiagiza mbegu, andikeni na lile la Kilatini.