Mbao nene, kenchi chache

Kila msimu wa kupaua swali ni lilelile: nikinunua mbao za 2x6 badala ya 2x4, si naweza kuachanisha kenchi futi 8 badala ya 4? Juzi kaniuliza mtu ambaye mbao keshazishusha saiti. Jibu ni hapana, na leo tulimalize.

Nakubali hesabu hiyo ina mvuto. Mbao ya 2x6 ina ujazo mara moja na nusu ya 2x4, hivyo kenchi zikipungua nusu, umeokoa robo ya mbao za kenchi. Hata nguvu inaonekana kutosha. Mbao ikisimama wima, uwezo wake wa kustahimili kupinda hukua kwa mraba wa kimo: kutoka 4 hadi 6 ni mara 2.25, ilhali mzigo wa kila kenchi umeongezeka mara 2 tu. Fundi aliyejua hesabu mpaka hapo ananitisha kuliko asiyejua kabisa.

Bati halikai juu ya kenchi, linakaa juu ya papi, na papi ni 2x2 ileile. Kenchi zikitoka futi 4 hadi futi 8, nguvu inayoikunja papi inakuwa mara 4, na kuzama kwake katikati kunakuwa mara 16. Kumi na sita! Bati linafanya mawimbi mwenye nyumba hajahamia, fundi anasingizia mbao mbichi. Kuna anayejibu, basi papi nazo ziwe 2x4 zilizosimama. Ugumu utaongezeka mara 8, bado nusu ya unaohitajika, na ile robo uliyookoa umekwisha kuirudisha dukani.

Halafu upepo. Paa la bati ni jepesi, na dhoruba huling'oa kwa kuliinua. Kinacholizuia ni misumari na waya zinazofunga kenchi kwenye lenta. Punguza kenchi nusu, kila kifungo kinavutwa mara mbili. Unene wa mbao hapo hausaidii chochote.

Wengine hunitumia video za Marekani: kuta za mbao, nguzo za 2x6 kila inchi 24 badala ya 2x4 kila inchi 16. Sawa, lakini tazameni ubao unaopigiliwa juu yake. Una upana wa inchi 48, ndiyo maana 16 na 24 zinakubalika: ukingo wa ubao huangukia juu ya nguzo. Hata kule, nafasi inafuata kinachobebwa. (Na 2x4 yao ikipimwa ni inchi 1.5 kwa 3.5.)

Sasa fanya hivi. Kwa bati, kenchi futi 4 au pungufu. Kwa vigae vya udongo, anzia futi 2 na umwone mhandisi. Ukitaka kuachanisha zaidi, mhandisi apange upya papi, viungo na vifungo, si kenchi peke yake. Sokoni nenda na futi kamba, usilipie jina la 2x4. Chukua paini iliyokauka, iliyotiwa dawa, isiyo na fundo kubwa ukingoni. Mbao zinazobeba zisimame, maana 2x4 ikilazwa ubapa hupoteza robo tatu ya ugumu wake. Na waya za kufungia kenchi zizamishwe kwenye lenta siku ile zege linamwagwa, si kutoboatoboa baadaye.