Mbona macho hutokwa na machozi ukiwa kwenye baiskeli?

Upepo, vumbi na jua huyasumbua macho ya mwendesha baiskeli. Lakini matone unayojinunulia dukani bila kupimwa yaweza kukudhuru zaidi.

UKITAKA kujua jinsi upepo unavyomwonea mwendesha baiskeli, tembea Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira. Huko ni milima na mabonde. Mtu husukuma baiskeli iliyosheheni ndizi hadi juu ya mlima huku jasho likimtoka, kisha hupanda na kuiachilia iteremke. Kabla hajafika bondeni, macho yamekuwa mekundu, yanawasha, na machozi yanamtiririka mashavuni.

Si lazima uwe mkazi wa Ekerenyo ndipo uyajue mateso haya. Vibarua wanaokwenda viwandani Nairobi kwa baiskeli alfajiri wanayajua, sawa na wahudumu wa boda boda wa Kisii na Kisumu. Huenda nawe, msomaji, ni mmoja wao.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo. Hupangusa macho kwa kiganja na kuendelea na safari. Wengine hukimbilia duka la dawa na kuomba "matone ya macho" bila kupimwa. Yote mawili yana hatari zake.

Hebu piga hesabu kidogo. Baiskeli inayoteremka mlima yaweza kufikia mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde. Ukifumba macho kwa sekunde mbili tu ili uyapanguse, utakuwa umesafiri mita 20 bila kuona mbele. Katika mita hizo 20 mnaweza kuwa na shimo, ng'ombe anayevuka barabara, au mtoto anayetoka shuleni.

Jicho kavu ndilo hutoa machozi

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: jicho linalotiririka machozi kwenye upepo, aghalabu ni jicho lililokauka.

Sehemu ya mbele ya jicho, ile ing'aayo kama kioo, huitwa konea. Konea hufunikwa wakati wote na utando mwembamba wa machozi. Chini kuna ute unaoushika utando huo juu ya jicho, kisha maji yenye chumvi kidogo, na juu kabisa kuna mafuta. Mafuta hayo hutoka katika vitezi vidogo vilivyopangwa ukingoni mwa kope, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke upesi, kama vile mafuta unayojipaka yanavyoizuia ngozi isipauke.

Kila unapopepesa jicho, kope huusambaza utando huo upya. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Lakini akikaza macho kutazama kitu, kama vile barabara mbovu iliyo mbele yake, au simu mkononi, hupepesa mara chache zaidi. Mwendesha baiskeli basi hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: upepo unaukausha utando, naye hapepesi vya kutosha kuurudishia unyevu.

Konea ina mishipa mingi sana ya fahamu, na ndiyo maana hata unyoya mdogo wa kope ukiigusa hutulii. Mishipa hiyo ikihisi baridi na ukavu, hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huiamuru tezi ya machozi iliyo juu ya jicho imwage maji. Machozi hayo huja kwa wingi na kwa ghafla. Kwa kawaida machozi hupitia vitundu viwili vidogo vilivyo pembeni mwa jicho, karibu na pua, na kushukia puani. Yakizidi kiasi, vitundu hivyo hushindwa kuyapitisha yote, nayo humwagika mashavuni. Hii ni mojawapo ya sababu pua pia hutoka kamasi nyepesi unapoendesha asubuhi yenye baridi.

Wako wanaosumbuka zaidi ya wengine. Watu wenye umri mkubwa, hasa wanawake waliokoma hedhi, hupungukiwa na machozi mazuri. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio hukausha macho. Na wale ambao vitezi vyao vya mafuta vimeziba huamka na kope zilizovimba kidogo na zenye magamba.

Vumbi, mimea na jua

Upepo haupiti peke yake. Katika barabara za murram wakati wa kiangazi, lori moja likikupita hukuachia wingu la vumbi. Jioni wadudu huruka kwa makundi. Njia za miguu kati ya mashamba ya mahindi na majani chai huwa nyembamba, na jani au kijiti chaweza kukuchapa jichoni ukipita kwa kasi.

Usilidharau jani hilo. Mkwaruzo mdogo juu ya konea waweza kuingiza viini vya bakteria au vya kuvu, na hapo kidonda huanza. Kidonda cha konea kikikosa kutibiwa mapema huacha kovu jeupe, nalo kovu likikaa katikati ya jicho huzuia nuru isipite. Hii ni miongoni mwa sababu zinazowapofusha watu wa mashambani, ilhali mara nyingi ingeweza kuzuiwa.

Jua nalo lina lake. Ekerenyo iko karibu sana na ikweta, na nyanda hizo za Nyamira ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miale ya jua isiyoonekana, ile inayochoma ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya milimani isikudanganye kwamba jua halina makali. Mtu anayeshinda juani na vumbini miaka mingi aweza kuota kinyama katika weupe wa jicho, upande wa pua, nacho hutambaa polepole kuelekea kwenye konea. Jua hilohilo husaidia kuleta mtoto wa jicho uzeeni.

Jinsi ya kujikinga

Kinga bora si dawa, ni miwani. Chagua miwani inayokumbatia uso, yenye pembe zilizopinda, ili upepo usiingie kwa pembeni. Ukivaa miwani midogo bapa, upepo huzunguka nyuma yake na utaona kana kwamba hukuvaa kitu.

Weusi wa kioo si dalili ya ubora. Miwani nyeusi isiyozuia miale ya jua yaweza kudhuru zaidi, kwa kuwa giza huifanya mboni ipanuke na kuruhusu miale mingi iingie. Tafuta alama ya UV400 au maneno yanayosema kwamba inazuia miale hiyo kwa asilimia 100, na inunue mahali unapoweza kuamini alama hiyo. Kwa safari za alfajiri, jioni na usiku, tumia miwani yenye vioo vyeupe. Hiyo hukinga upepo na wadudu bila kukuzuia kuona njia.

Kofia yenye ukingo mbele husaidia kupunguza jua na mvua. Mwendesha pikipiki naye ateremshe kioo cha helmeti yake. Wengi huvaa helmeti kwa kuwaogopa polisi, kisha huacha kioo wazi, au huendelea kutumia kioo kilichokwaruzwa hadi hakionyeshi kitu.

Kuna na mazoea madogo yasiyogharimu hata senti. Punguza mwendo unapoteremka mlima. Usilifuate lori kwa karibu, liache litangulie vumbi litulie. Jikumbushe kupepesa, hasa kabla ya mteremko. Beba kitambaa safi cha kupangusia mashavu, na usiguse jicho kwa mkono ulioshika mnyororo wa baiskeli au noti za abiria. Machozi yakizidi, simama kando ya barabara kabla ya kuyapangusa.

Ukiwa na kope zenye magamba, chovya kitambaa safi katika maji ya vuguvugu, yasiyochoma, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10 kila jioni. Kisha sugua ukingo wa kope taratibu. Joto hulainisha mafuta yaliyoganda ndani ya vitezi. Macho yakiendelea kuwa makavu, mwulize mfamasia kuhusu machozi bandia, ambayo kazi yake ni kuyapa macho unyevu tu. Haya si sawa na matone ya kuondoa wekundu.

Kitu kikiingia jichoni

Simama. Usisugue jicho, kwani kusugua hukigeuza kichembe cha mchanga kuwa msasa. Nawa mikono, kisha pepesa mara kadhaa ili machozi yakisukume nje. Shika nywele za kope ya juu na uivute ishuke juu ya kope ya chini, halafu uachilie. Mara nyingi kichembe kilichojificha chini ya kope hutoka hivyo.

Kikikataa, mimina maji safi polepole juu ya jicho lililo wazi. Ukikiona kiko kwenye weupe wa jicho au ndani ya kope ya chini, mtu mwingine aweza kukiondoa kwa pembe ya kitambaa safi kilicholowa. Lakini kikiwa juu ya konea, msikiguse. Kamwe usitumie kijiti, unyoya au ncha ya jani, wala usimruhusu mtu akilambe kwa ulimi.

Iwapo ni dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, chokaa au saruji, osha jicho papo hapo kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo uende hospitali. Usisubiri kupata gari kwanza.

Epuka tiba hizi

Wako wanaotia maji ya majani jichoni, maziwa ya mama, chai baridi au hata mkojo. Vitu hivi huingiza viini kwenye jicho lililokwisha kwaruzwa. Utafiti uliofanywa kusini-magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2019 uligundua kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali.

Matone ya dukani nayo yana mtego. Baadhi yake yana steroidi, kama vile deksamethasoni au betamethasoni. Hizi huondoa wekundu na muwasho haraka, na ndiyo maana watu huzipenda. Lakini jicho likiwa na kidonda, steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na viini, nacho kidonda hukua kimyakimya. Zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, na nuru iliyopotea hivyo hairudi. Soma maandishi ya chupa, na usizitumie bila agizo la mhudumu aliyekupima.

Usitumie chupa ya jirani. Chupa yako mwenyewe, ukishaifungua, kwa kawaida itupe baada ya majuma manne hata kama dawa haijaisha.

Wakati wa kwenda hospitali

Machozi ya upepo hukoma dakika chache baada ya kushuka kwenye baiskeli. Yasipokoma, kuna jambo jingine. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Maumivu makali, au jicho kutoweza kustahimili mwanga.
• Kuona ukungu usioondoka ukipepesa.
• Doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho.
• Usaha, au kope kugandana kila asubuhi.
• Jicho lililochapwa na jani, kijiti au jiwe, hata kama linauma kidogo tu.
• Wekundu pamoja na kuumwa kichwa, kutapika, na kuona miviringo ya rangi kwenye taa.

Jicho moja likitoa machozi hata ukiwa umeketi nyumbani, huenda mfereji wa kuyapeleka puani umeziba. Macho yote mawili yakiwasha majira fulani ya mwaka, hasa kwa watoto, huenda ni mzio. Haya si ya dharura, lakini yanafaa kuchunguzwa.

Mkazi wa Ekerenyo aanzie katika hospitali iliyo papo hapo. Ikibidi atapelekwa Nyamira au katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kipimo cha mkwaruzo si cha kuogofya. Mhudumu hutia tone la rangi ya manjano jichoni, kisha humulika kwa mwanga wa buluu. Palipokwaruzwa hung'aa rangi ya kijani. Mkwaruzo mdogo hupona kwa siku moja hadi tatu ukitunzwa vyema. Kidonda kilichooza huchukua majuma mengi, na huenda kisirudishe macho yalivyokuwa.

Mwendesha baiskeli hukagua breki na upepo wa magurudumu kabla ya kutoka. Kagua na miwani pia. Ioshe kwa maji kwanza ili mchanga usiikwaruze, ndipo uipanguse kwa kitambaa laini. Breki zikiwa nzuri namna gani, hazitakufaa ikiwa huoni mahali pa kuzifunga.